Mpira Chini ya Miguu ya Yeyo

Harufu ya lori la mifugo haitoki puani upesi. Ni mkojo wa mbuzi, majani makavu, dizeli na mbao zilizochemshwa na jua, na kila nikiisikia narudi asubuhi ile ya likizo ya Agosti nilipotoka kwetu Kitengela bila mpango wowote. Miguu ilikuwa inaniwasha tu. Barabarani nikamkuta Hajji, mfanyabiashara wa mifugo tuliyemfahamu, akirudi kwake Kajiado na lori tupu. "Unaenda wapi, wewe?" akaniuliza. Nikamwambia sijui. "Mama amekutuma?" Nikatikisa kichwa namna ambayo ingeweza kuwa ndiyo na ingeweza kuwa hapana. Akacheka. "Basi panda. Huko kusikojulikana pia tunapita." Mbele kulijaa magunia ya pumba, kwa hiyo nilisimama nyuma nikishikilia vyuma, upepo baridi ukinipiga usoni. Mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota.

Ukweli ni kwamba nilikuwa na swali moja ambalo lilikuwa limenikalia kichwani likizo nzima. Mama yangu, ambaye tulimwita Yeyo kama Wamaasai wote wanavyomwita mama, alikuwa akitengeneza viatu vya ngozi vya wazi katika chumba cha mabati nyuma ya nyumba. Hiyo si kazi ya kukaa. Kisu cha ngozi kinataka uzito wa bega, na bega halina uzito mpaka usimame. Sakafu ilikuwa simiti tupu, na ikifika saa ya chai nyayo zake zilikuwa zinawaka moto. Angeinua mguu huu, aushushe, ainue ule, kama kuku aliyekanyaga majivu ya jikoni. Mama Sanaipei, jirani aliyefanya kazi hiyohiyo lakini kwenye meza mbovu, alikuwa akichungulia mlangoni kila jioni. "Hiyo meza utaniuzia lini, mama? Miguu imekataa, si ukubali tu?" Mwanzoni Yeyo alikuwa akicheka. Wiki ile hakucheka. Alisema, "Agosti ikiisha hivi, kuja na mkokoteni." Mimi niliyesikia nilihisi kama mtu amesema atauza mikono yake.

Swali lenyewe lilikuwa nimtandikie nini chini ya miguu, na nilikuwa nimejaribu kila kitu ambacho ningeweza kukitandika. Nilianza na katoni. Hadi mchana zilikuwa zimelala bapa, gundi ikazidondokea, na Yeyo akatoka kumsalimu mteja huku kipande cha katoni kikimfuata kwenye kisigino. Nikatandika ngozi ya ng'ombe yenye manyoya. Ilikuwa na joto zuri, lakini iliteleza, ikajikunja pembeni ilipokauka, na usiku mbwa wakaivuta nje. Halafu nikapata sponji ya godoro kuukuu. Niliposimama juu yake niliona nimemaliza kazi. Ilikuwa laini kama unga wa mandazi ulioumuka. Yeyo alipopanda akazama hadi kwenye vifundo, magoti yakaanza kutafuta pa kushika, kisu kikapinda njia. Misumari midogo iliyoanguka ilimezwa na sponji, na kesho yake mmoja ukajitokeza chini ya unyayo wake. "Wewe mtoto," akasema akiung'oa, "unataka kunisimamisha ama kunilaza?"

Tulikuwa tumeshapita Isinya nilipogundua kwamba sijatamani kuketi. Nikatazama chini. Sakafu ya lori ilikuwa imetandikwa mpira mweusi, mnene kama kidole gumba, wenye mifereji. Nikavua viatu. Nikabonyeza kwa kisigino: ulikubali kidogo, kisha ukarudisha. Nikapiga magoti nikaunusa, nikaukwaruza kwa kucha. Tulipofika Kajiado nilimrukia Hajji kwa maswali hata kabla hajazima injini. Akaniambia ulikuwa ukanda wa kubebea mawe machimboni, ulipochakaa akaununua ili mifugo isiteleze. Kwa nini si kitu laini zaidi? "Ng'ombe ni bibi harusi?" akasema. "Kwa kitu ngumu anachoka. Kwa godoro anaanguka. Wewe umesimama njia yote, umechoka?"

Lori halikuwa na safari ya kurudi siku hiyo. Mke wake, Mama Halima, akanipokea, akampigia Yeyo simu, na sauti ya Yeyo nikaisikia kutoka upande wa pili wa ua. Nilipewa chai yenye iliki na mahali pa kulala kwenye zulia pamoja na mabinti zake. Lakini nilichokitazama ni kipande cha mpira uleule kilichokuwa mbele ya jiko, pale Mama Halima alipokuwa akisimama kupika. Nikamwomba.

"Miguu ni ya nani?"

"Ya Yeyo."

"Basi aje akanyage mwenyewe. Wewe ni mwepesi kama kifaranga, utajua nini?"

Sikuwa nimewaza hivyo. Likizo nzima nilikuwa nikichagua kwa nyayo zangu. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti.

Yeyo alifika asubuhi. Kabla salamu hazijaisha, alisimama mbele ya jiko, juu ya mpira, akaanza. Alinikaripia kwa Kimaa, akahamia Kiswahili ili wenyeji wasikose kitu, akarudi Kimaa maneno yalipopungua. Chai ikabandikwa, ikachemka, ikamiminwa, na yeye bado. Mimi nilikuwa nimeinamisha kichwa, na si kwa aibu.

"Unaangalia nini huko chini? Niangalie nikikuongelesha!"

"Naangalia miguu yako, Yeyo."

"Imefanya nini?"

"Hujainua hata mmoja."

Akatazama chini, akabonyeza kwa kisigino, mara mbili. Kisha akamgeukia Mama Halima kwa sauti nyingine kabisa: "Mama, hii mpira, mko na ingine?"

Meza haikuuzwa. Mama Sanaipei alikuja na mkokoteni wake Agosti ilipoisha, akasimama juu ya mpira, akatukana kidogo, kisha akauliza Kajiado kunaendwaje.

Mimi shule niliiacha mapema na sijatulia tangu hapo. Nimefanya kazi ya viatu kwenye meza za watu Rongai, Entarara na kwingineko. Siku hizi maduka ya Kitengela yamejaa mikeka ya mpira ya kila rangi, mingine ina matundu ya kupitisha vumbi, na kwenye simu unaweza kuikuza picha mpaka uone mfereji mmoja mmoja. Ni mizuri, naipenda yote. Ila wauzaji huniuliza mita ngapi na rangi gani, hawaulizi nani atasimama. Jana nilifika Oltepesi, nikapata chumba cha kupanga chenye nafasi ya meza karibu na dirisha. Nikampigia Yeyo. Zamani angetaka kujua niko wapi, na nani, na nitarudi lini. Sasa alisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza jambo moja tu: "Chini kukoje?"