Mama Aliyenyimwa Jembe

Habari ilinifikia Jumamosi nikiwa kwenye maegesho ya duka la vyakula hapa Arlington, mifuko ingali mikononi: mama mzazi wa jirani yangu amefariki kwake Voi. Alilala, hakuamka. Wasomaji wangu hamkumjua, na wala hakuwa mtu wa kutaka kujulikana. Alikaa nasi miezi sita tu, mwaka juzi, alipokuja kuonja maisha ya Marekani baada ya kitinda mimba wake kuolewa. Mumewe alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, watoto wametawanyika, na yeye kabaki na nyumba kubwa na mijusi yake. "Nimekuja kujaribu," aliniambia tulipojuana. "Moyo ukipata pa kukaa, sirudi. Ukikosa, nyumba yangu ipo."

Mwanawe na mkewe, wauguzi wote wawili, walimpokea kama malkia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika. Mama huyu alikuwa ameendesha mkahawa tangu ujana wake. Mikono yake haikujua kutulia. Akishika kikombe akioshe, mkaza mwana anamnyang'anya: "Mama, usi-worry, kaa upumzike." Akishika ufagio, hivyo hivyo. Binti wa watu hakuwa na ubaya. Alilelewa akijua mama mkwe hagusi sufuria, na tena sisi wa huku tunayajua maneno yetu: fulani kamleta mama yake kuwa yaya. Basi mama akakalishwa kwenye kochi mbele ya televisheni mchana kutwa, wenyewe wako kazini, na nje hapiti hata mtu wa kumsalimu, maana Arlington bila gari huendi popote.

Asubuhi moja nikasikia hodi. Mimi hufanyia kazi zangu nyumbani, kwa hiyo nilikuwepo. Nafungua, ni yeye, leso kiunoni. "Mwanangu, una kazi?" Nikacheka, yeye hakucheka. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mbona huku siku ya tatu haifiki?" Nikampeleka jikoni. Jamani! Alikishika kisu changu akauliza kama ni cha kukatia maji, akanusa bizari yangu akaitupa, kisha akakanda unga. Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi, akiimba nyimbo za kanisani huku akinisema kwa uvivu, na mimi nikanenepa.

Siri ilifichuka siku nilipoalika majirani chakula cha mchana. Mwanawe alimega chapati, akatafuna, akaacha kutafuna. "Hii ni ya mama," akasema. Mkewe akaweka sahani chini. "Mama, kwangu hujawahi kupika hata chai. Unakuja kumpikia jirani?" Machozi yalikuwa yanamlenga. Mama alimjibu polepole, bila hasira: "Kwako mimi ni mgeni, mwanangu. Huyu kanipa mwiko." Binti akasema watu wangemsema. "Hao watu," mama akauliza, "ndio wanaokaa na mimi mchana?" Mimi nikajifanya naenda kuongeza mchuzi.

Hayakuwa yao peke yao. Rafiki yangu Mzanzibari, kule Sharpstown, Houston, alimleta baba yake akamkataza hata kubeba mfuko wa mchele. Mzee alirudi Unguja kabla ya muda wake, akisema huku ameheshimiwa mpaka amechoka. Tunawanunulia wazazi makoti mazito na vitanda vya kifahari, halafu tunawanyima kitu kimoja, nafasi ya kuhitajiwa. Mtu ambaye watoto wake wote wameondoka hatafuti pa kupumzika. Kupumzika alikuwa nako tele kwao.

Viza ilikwisha wiki chache baada ya karamu ile, mama akaondoka. Mkaza mwana akanunua kibao cha chapati na mpini wake wa kusukumia, akampigia simu: "Mama, jembe lako liko tayari." Nasikia mama alicheka sana, akaahidi kuja safari hii kukaa. Alikuwa anangoja viza nyingine.

Jana tulienda kuwafariji. Wanawake wa kanisani walijaa jikoni, kama ilivyo desturi, na kila mkaza mwana alipojaribu kuinuka walimwambia, "Kaa, mama, pumzika." Alikaa kidogo, akatazama kochi aliloketi. Kisha akainuka, akaenda kabatini, akatoa kile kibao kikiwa bado na nailoni yake ya dukani, akaichana, akaomba unga. Mmoja wetu alitaka kumzuia. Nilimshika mkono, nikamwambia amwachie. Na ninyi mlio na mzazi kwenye kochi leo, mpeni mwiko angali hai.