Bunduki ya Upepo Iliyovuja Msanzi

Siku niliyomfuata mke wangu kwao Msanzi nilivaa koti, maana nilikwenda kuomba, ingawa moyoni sikukubali kwamba nilikuwa na kosa. Alikuwa ameondoka nyumbani kwetu Sumbawanga na cherehani yake juu ya lori la mahindi. Sababu niliiona ndogo hata ya kuchekesha: nilichomoa mkanda wa cherehani ile nikaufunga kwenye mashine ya mteja. Nilikuwa fundi wa baiskeli, redio, pampu na chochote kilicholetwa. Ilikuwa miaka ya ruksa, vitu vinamiminika mjini kutoka kila upande, na vikiharibika vinaletwa kwangu. Nilijiona mtu.

Baba mkwe alinipokea vizuri mno, jambo lililonitia wasiwasi. Nikamwamkia, akaitika, akanipa kigoda uani. Mama mkwe alinisalimia kutoka jikoni bila kujitokeza, kama heshima yetu inavyotaka. Mama mkwe humkodolei macho, na kitu chake hukigusi.

"Mwenzako anasema unamchukulia vitu vyake bila kumuuliza," baba mkwe alianza.

"Baba, hayo ni maneno ya hasira tu. Ule mkanda niliazima."

"Ulimwomba?"

"Nilikuwa na haraka, baba, mteja amesimama mlangoni. Lakini mimi si mtu wa namna hiyo. Ulizia popote pale mjini."

Nilipiga domo kweli kweli. Mke wangu alikuwa kwenye mkeka akipeta ulezi, hakuinua uso. Baba mkwe alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaingia ndani akatoka na bunduki ya upepo. Aliipata kwa mfanyabiashara wa Kasanga kwa kubadilishana na mahindi, ili afukuze ndege kwenye ulezi shambani. Ilikuwa ile aina unayoijaza kwanza kwa pampu, upepo ukakaa kwenye mtungi mwembamba chini ya mtutu, ndipo unapiga. Sasa ilikuwa inavuja. Akijaza jioni, asubuhi anakuta mtungi mtupu na ndege wako shambani wanakula.

"Hebu iangalie, wakati mwenzako anafikiri," akasema.

Basi kichwa kikanivimba. Nikavua koti. Niliona nikiitengeneza hii, maneno ya mkanda yameisha na mke ninaondoka naye.

Nikaijaza, nikapaka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Pale kwenye kizibo cha kujazia povu likaanza kuchemka taratibu. Nikautoa upepo wote, maana mtungi uliojaa haufunguliwi na mtu anayeyapenda macho yake, kisha nikafungua kizibo. Washa ya mpira, ile pete inayozuia upepo usitoke, ilikuwa imekakamaa na kupasuka. Nilihitaji mpira mwingine, na mfukoni nilikuwa na bisibisi na kisu tu. Mke wangu alishaingia ndani na ulezi wake, baba mkwe alikuwa anafunga mbuzi. Nikaangaza uani, na mlangoni pa jiko nikaona kandambili za kijani.

Nilizijua. Nilimnunulia mke wangu mimi mwenyewe, sokoni. Chini ya soli, pale mkanda unapotokeza, kuna kifundo cha mpira mgumu, na unene wake ulikuwa uleule nilioutaka. Sikufikiri hata kidogo. Nikachukua ya kulia, nikakata kifundo, nikakitoboa katikati, nikakipaka mafuta na kukifungia ndani. Kandambili nikairudisha mahali pake.

Nikajaza tena, nikapaka sabuni. Hakuna povu. Baba mkwe akalenga kopo juu ya uzio, likaruka. Nikacheka kwa sauti, nikaita, "Mke wangu, njoo uone!"

Akatoka. Mama mkwe naye, kwa kusikia kishindo cha kopo, akachungulia, akaingiza miguu kwenye kandambili na kupiga hatua. Ya kulia ikabaki nyuma. Akaiokota, akageuza soli, akaona palipokatwa, kisha akakiona kisu mkononi mwangu. Alijifunika uso kwa khanga akarudi jikoni miguu mitupu.

Nilitamani ardhi ipasuke.

"Baba, nisamehe," nikasema, jasho likinitoka. "Sikujua mke wangu alishampa mama. Nilidhani bado ni zake."

Baba mkwe aliiweka bunduki chini polepole.

"Na kama zingekuwa zake?"

Ndipo nilipoyasikia maneno yangu mwenyewe. Niliona aibu ambayo mpaka leo, nikiikumbuka nikiwa peke yangu, nainamisha kichwa.

"Baba," mke wangu akasema, "mimi sina la kuongeza."

Nilirudi Sumbawanga peke yangu, koti mkononi.

Alirudi baada ya mavuno, na namshukuru. Bunduki ile haikuvuja tena. Lakini cherehani aliiacha kwao, na mpaka leo akitaka kushona hata gauni la mjukuu hupanda gari kwenda Msanzi. Mkanda mpya nilishanunua zamani. Kumwambia aje nayo, sijathubutu.