Kitambaa Kwenye Kamba

Jumatano, mwezi wa tano. Manyunyu tangu alfajiri, na mlima haujaonekana.

Vijana wa kanisa wameniomba niandike jinsi tulivyokuwa tukikinga miti ya nyumbani na viwavi. Sijui kama mimi ndiye wa kuulizwa, niliachia shule darasa la saba. Nitasema tu nilichofanya.

Siku yangu ya kwanza kazini, hapa Nyeri, nilidhani nitapewa bomba la kupulizia dawa. Afisa wa Kilimo akanipa kitambaa cheupe, kipande cha shuka kuukuu. "Hii ndiyo kazi," akasema. "Bomba ni baadaye." Kiwavi aliye juu majanini huwezi kumwona, lakini mavi yake huanguka. Unatandika kitambaa chini ya mti jioni, asubuhi unakisoma. Ukikuta mavi mabichi, bado wanakula. Kikiwa safi, wameshashuka kujifukia udongoni wageuke vipepeo, na dawa yako ni ya bure. Tena mti wenye maua haupulizwi, kwa sababu ya nyuki.

Alikuwa mkali, na mara nyingine alinitukana mbele za watu. Lakini niseme haki: sikuwahi kumwona akipulizia mti ambao haujasomwa.

Baadaye mimi na Afisa tulihamishiwa Kiriaini, nikiwa bado kibarua. Mwalimu mmoja kutoka Kakamega alikuwa na mparachichi nyuma ya nyumba, umeliwa nusu. "Bwana Dawa," akanitania, "ukichelewa tena utakuta mti umebaki fimbo ya kuchungia ng'ombe."

Jioni hiyo kitambaa changu kilikuwa kimelowa mvua, nikakiacha kwenye kamba ya nguo. Asubuhi nikapulizia kwa kukisia tu. Maua yalikuwepo. Niliyaona, nikajiambia ni machache.

Saa sita mchana mzee jirani wa mwalimu, mwenye mizinga mitatu ya nyuki uani, akaja ameshika kofia yake. Ilikuwa imejaa nyuki waliokufa.

"Kijana, ati hawa ndio viwavi?"

Akawamwaga mbele ya viatu vyangu, akaenda. Nilichimba chini ya mti nikawapata viwavi wenyewe wamelala udongoni, wazima.

Wakubwa wa wilaya wakataka ripoti. Afisa aliniuliza mara moja tu: "Ulitandika?"

"Nilitandika. Kulikuwa na mavi mabichi."

Akaandika kwamba amri ya kupulizia ilikuwa yake. Wakampeleka ng'ambo ya Nanyuki, kwenye ukame, ambako hakukuwa na miti ya kukinga. Mimi nikapewa kazi ya kudumu, nikarudi Nyeri, nikastaafu bila doa kwenye faili.

Sasa mparachichi wetu wenyewe una viwavi. Mama Njeri, mke wangu, anasema nipulizie tumalizane nao. Leo asubuhi nilichuchumaa juu ya kitambaa, mavi yakiwa mabichi, nikampigia Afisa simu. Bado anaishi huko huko ng'ambo ya Nanyuki. Sauti yake imekuwa nyembamba. Nikamwambia nilimdanganya.

"Nilijua," akasema. "Jioni ile nilipita kwako. Kitambaa kilikuwa kwenye kamba."

"Na mbona hukusema, mzee?"

"Wewe ulikuwa kibarua, Mwangi. Ningesema, ungefutwa siku hiyo hiyo." Akakohoa kwa muda. "Nilidhani ungekuja kuniambia mwenyewe. Nilingoja kidogo, halafu nikaacha kungoja."

Kisha akauliza, "Huo mti wako uko na maua?"

"Uko nayo."

"Basi okota kwa mkono."

Nimeokota viwavi hadi jioni nikiwatia kwenye kopo la maji ya sabuni. Matawi ya juu sikuyafikia. Magoti hayapandi ngazi tena. Huenda mti usipone, na sijui kama nimewafundisha vijana chochote.

Tumekula githeri ya jana, mahindi na maharagwe, pamoja na kabichi. Mama Njeri ameipasha moto yangu mara mbili.