Simba Mwenye Sura ya Paka

Juzi, kwenye kibanda cha vinyago kule Mikocheni, dada mmoja alikuwa akimchagulia mgeni wake zawadi. Akamgeuzageuza simba wa mpingo, kisha akakunja uso.

"Fundi, mbona simba wako mpole hivi?"

Mchongaji akapuliza vumbi la mbao. "Sista, mie mbugani sijawahi kufika. Namwangaliaga paka wa mama mwenye nyumba wangu, halafu namuongezea manyoya shingoni."

Nikamtazama vizuri yule simba. Kweli, alikuwa na sura ya kusubiri dagaa.

Nilidhani dada atamrudisha mezani. Badala yake alicheka, akafungua pochi.

"Nifungie huyuhuyu. Simba wa kweli mgeni kashawaona Serengeti. Huyu atamkumbusha sie wenye nchi, ambao hatujaenda."