Walioninyolea Nikiwa Hai

Wiki iliyopita nilimpeleka mwanangu kunyolewa kwenye mji mdogo wa Mpemba. Kinyozi alipomaliza akamimina spiriti kwenye pamba, akampaka kisogoni, na harufu ile ikanipiga hadi nikashika ukuta. Mwanangu alicheka, akadhani mama yake anasinzia. Kwangu spiriti ni harufu ya wodi, na ni harufu ya vichwa vilivyonyolewa, na vitu hivyo viwili sijaweza kuvitenganisha tangu nilipokuwa na miaka kumi na mmoja.

Nyumbani kwetu ni Mbozi, mwendo wa pikipiki kutoka Mlowo, kati ya kahawa na mahindi. Mwaka nilioingia darasa la tano nilianza kutokwa damu puani bila kugongwa na mtu. Miguu ikatoka madoa kama nimechapwa, homa ikawa inakuja na kuondoka inavyotaka. Nilitibiwa malaria mpaka malaria yenyewe ingechoka. Mwishowe nikapelekwa hospitali kubwa Mbeya, na huko mama akaniambia nina upungufu wa damu. Nikanyweshwa juisi nyekundu ya rozela mpaka nikaanza kuogopa rangi ya mkojo wangu.

Sasa ninyi, ni nani kati yenu aliyewahi kuona upungufu wa damu unanyonyoa nywele? Baada ya dawa ya kwanza ya mishipani niliamka asubuhi moja nikazikuta nywele zangu zimebaki kwenye mto. Nilipomuuliza mama, akasema ni joto la Mbeya. Joto la Mbeya! Mji ambao watu wake mwezi wa saba wanavaa makoti mawili.

Pale wodini alikuwepo Dada Lusia. Hakuwa daktari wala nesi. Kazi yake ilikuwa kukaa na sisi watoto na wazazi wetu na kuzungumza nasi kuhusu yale yaliyokuwa yanatutisha. Tulimpenda kwanza kwa sababu hakubeba sindano. Alikaa chini sakafuni na penseli za rangi, akatuacha tuchore, halafu akauliza taratibu, "Huyu uliyemchora, mbona analia?" Baadaye sana ndipo nilipojua kwamba alimwomba mama mara tatu nielezwe ugonjwa wangu, na mara tatu mama alikataa. Mama aliamini nikilisikia lile jina nitaanguka palepale.

Kulikuwa na baba mmoja, mkulima kutoka Mbebe kule Ileje, ambaye mwanawe naye alibaki kipara. Siku moja yule baba alikuja kichwa kinang'aa, akakiegemeza kwenye kichwa cha mwanawe, wodi nzima ikaangua kicheko. Mama aliona. Akamuuliza Dada Lusia kama nasi tungeweza kufanya hivyo nyumbani. Dada Lusia akamjibu kwamba ni jambo jema sana, ila mtoto aambiwe kwanza. Mama alichukua nusu ya kwanza ya jibu lile, nyingine akaiacha Mbeya.

Inabidi niwaeleze desturi yetu. Katika ukoo wetu mwanamke hanyoi kichwa kwa urembo. Akifa mtu wa nyumba, baada ya maziko wafiwa hukaa mkekani nje, na mmoja baada ya mwingine hunyolewa kwa wembe na povu la sabuni ya mche. Ukikutana na mama hana nywele humuulizi kama amefiwa, unamuuliza amefiwa na nani.

Dawa ya pili ilipokwisha, mama alitangulia nyumbani kutayarisha chumba changu, baba akabaki kunileta. Pale Mlowo tulipanda pikipiki, mimi katikati ya baba na dereva, nimezungushiwa kitenge usoni kama jambazi kwa sababu ya vumbi. Nilikuwa na furaha, jamani. Nilikuwa nawaza ndizi za kuchoma. Pikipiki ikakata kona ya mwisho, nikaona.

Mama, mama zangu wadogo wawili na dada yangu Yusta walikuwa wamekaa mkekani nje ya nyumba. Vichwa vyote vitupu. Wamenyamaza kimya, eti wanazuia kicheko, lakini hilo mimi ningelijuaje? Nikawahesabu watu wa nyumba yetu. Baba yupo nyuma yangu. Kaka yupo bandani na ng'ombe. Bibi yupo mlangoni mwa jiko. Hakuna aliyepungua. Nilipomaliza kuwahesabu wote nilikuwa nimebaki mimi.

"Nani amekufa?" niliuliza.

Mama akainuka mbio. "Hakuna, mwanangu! Tumenyoa tufanane na wewe!"

Sikumwamini. Si ndiye yuleyule wa joto la Mbeya? Tena misiba nilikuwa nimeiona, na watoto siku zote tuliambiwa marehemu amesafiri. Nikajua tu kwamba daktari amewatajia siku yangu, nao wameona bora wamalize msiba mapema, kabla ya msimu wa kuchuma kahawa. Msinicheke. Kwetu kila jambo, hata harusi, lilipangwa kwa kuangalia kahawa.

Bibi, mama yake baba, ndiye peke yake aliyekuwa na nywele. Nyeupe, zimesukwa mabutu, hajafunga hata kitambaa. Nilikimbia nikajificha kifuani kwake. Hakucheka, alinishika kisogo tu. Nikasema moyoni, huyu hapa hajanilia.

Nililala kwa bibi siku zote zilizofuata na sikugusa chakula kilichopikwa na mtu aliyenyolewa. Jumatatu ilikuwa siku ya kurudi Mbeya kwa dawa ya tatu. Ijumaa nikatangaza kwamba siendi. Mtu ambaye watu wamekwisha kumnyolea msiba anapelekwa hospitali kufanya nini? Baba alinibembeleza, akanikaripia, akainua fimbo, akaishusha. Daktari alikuwa amewaambia waziwazi kwamba dawa ikikatishwa ugonjwa utarudi kwa nguvu na huenda wasiuweze tena. Mama akakaa chini akalia. Nami nilipomwona analia, nikahesabu kwamba ushahidi umekamilika.

Jumamosi baba alimpigia simu Dada Lusia. Wakaiweka simu kwenye spika juu ya kichanja cha kuanikia kahawa, mahali pekee mtandao uliposhika. Dada Lusia hakunibembeleza.

"Enesi, siku ulipofika nyumbani uliona nini?"

Nikamweleza mkeka, vichwa na ule ukimya. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Hata mimi ningekimbia," akasema.

Hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniambia hivyo. Kisha akamwita mama. "Mama Yusta, vichwa vyenu vimeshamwambia mtoto jambo baya kuliko ukweli. Mwambie mwenyewe sasa. Mimi nipo, sikati simu."

Mama alishika ukingo wa kichanja.

"Una saratani ya damu," akasema. "Siyo upungufu. Ni saratani. Wako watoto wanaokufa nayo na wako wanaopona, na daktari anasema yako wameiwahi."

Nilishtuka, sitawadanganya. Jina lile nilikuwa nimelisikia redioni, kila mara likiendana na marehemu. Hata hivyo lilikuwa jina, na mama alikuwa amelitamka akinitazama machoni, kitu ambacho hakuwa amekifanya tangu tulipokwenda Mbeya.

"Kwa hiyo sijafa?"

"Hujafa, mama."

"Na nywele?"

"Nilitaka ucheke," alisema, akaangua kilio.

Tulilia wote, na kule simuni nikasikia mtu anapenga kamasi. Mficha maradhi kifo humuumbua, na sisi tulikuwa tumebakiza kidogo sana.

Jumatatu nilikwenda. Nilitibiwa miaka miwili na zaidi, nenda rudi. Mama na wenzake nywele ziliwaota, nikawasamehe, lakini mtu wangu alikuwa bibi. Kila niliporudi, kabla ya kula, nilikaa nyuma ya kigoda chake, nikamfumua na kumsuka upya. Mimi sikuwa na nywele, zake zilitutosha wawili. Alitulia, akainamisha shingo, wakati mwingine akashusha pumzi ndefu. Niliidhani ni raha.

Bibi alifariki nikiwa na miaka ishirini na miwili, mimi mzima wa afya. Baada ya maziko mkeka ukatandikwa, nikakaa mbele ya mama aliyeshika wembe. Kwa majonzi na majivuno kidogo nikamwambia kwamba siku ile bibi peke yake ndiye aliyekataa kuninyolea, kwa sababu alijua sitakufa.

Mama alisimamisha mkono. Si mtu wa kumsema marehemu, na aliangalia kwanza kama kuna anayesikia.

"Tulimsihi kutwa nzima," akasema kwa sauti ya chini. "Alituambia kichwa hakinyolewi mara mbili kwa msiba mmoja. Akasema yeye atasubiri."

Nilipigwa na butwaa, na mpaka leo ninapoandika haya halijanitoka lote. Wale niliowakimbia kwa vichwa vyao vitupu ndio walioamini nitaishi, hata wakathubutu kuuchezea msiba. Yule niliyemkimbilia alikuwa amekwisha kukata tamaa. Simlaumu. Alikuwa amezika watoto wake wanne, na hakuna hata mmoja ambaye daktari alisema wamemuwahi. Sijui kama iko siku alibadili mawazo, na sasa hakuna wa kumuuliza. Ninachojua ni kwamba miaka yote ile, kwa mikono yangu miwili na kwa mapenzi yote, nilikuwa nasuka nywele alizokuwa akizitunza kwa ajili ya maziko yangu.