Laptop ya Dada Yake

Fundi Sitaleki wa Neiafu, mji wa bandari kisiwani kwetu, alikuwa na ulimi mwepesi kuliko bisibisi yake. Ukimpelekea laptop isiyoingiza chaji, ataigeuza, atachungulia tundu la chaji kwa tochi, kisha atakusimulia mambo ya nyumbani kwako. "Mama, hii si chumvi ya bahari, hili ni tui la nazi. Ulikuwa unapika huku unatazama filamu." Mteja atacheka mpaka ashike mbavu, maana ni kweli tupu. Mchungaji mmoja aliapa kwamba yake imejifia yenyewe kwa uzee. Sitaleki akachokoa kwa kibano, akatoa kipande cha biskuti kilichojaa sisimizi. "Na hawa ni waumini wako, baba mchungaji?" Watu walimpenda kwa hilo. Katika kibanda chake cha bati, nyuma ya duka la vitambaa, kila kifaa kilikuwa na kesi na hakimu alikuwa yeye.

Kesi iliyomshinda ilitoka kwa dada yake.

Telesia, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyemfuata Sitaleki kuzaliwa. Walicheza pamoja mpaka Sitaleki alipoanza kuota ndevu, akahamishiwa banda la wavulana, na tangu hapo hawakukaa tena chumba kimoja. Ndivyo tulivyo. Kaka haingii anapolala dada yake, hagusi vitu vyake vya ndani, wala hatamki mbele yake neno la mume na mke. Hata filamu ikifika pale watu wanapobusiana, mmoja wao huinuka akatoka kana kwamba ameitwa. Heshima hiyo ni tamu, na aliyelelewa nayo hawezi kuicheka. Lakini kuna mambo inayoyaficha, ambayo yangepaswa kuonekana mapema.

Kwa hiyo laptop ya Telesia ilipoacha kuingiza chaji, hakuipeleka kwa kaka yake mwenyewe. Alimpa wifi yake Nanise, mke wa Sitaleki, walipotoka kanisani.

"Anasema imeanguka kutoka mezani," Nanise alimwambia mumewe.

Sitaleki akaifungua. Tundu la chaji lilikuwa limeng'oka kwenye bodi na kupinda kwa juu, na ncha ya chaja imevunjikia humo ndani. Kitu kilichoanguka hakipindi hivyo. Hupinda hivyo pale mtu mmoja anapoikumbatia laptop kifuani na mwingine anauvuta waya kwa nguvu zake zote. Ule mdomo uliozoea kusimulia nyumba za watu ukakauka. Alilehemu tundu jipya, akafunga skrubu, akamwambia mkewe, "Mwambie imepona."

Haikukaa sana, ikarudi. Safari hii ilikuwa na ufa kwa chini, pale pale penye bodi ya chaji, na ufa ule ulikuwa na umbo la kisigino.

"Anasema imeanguka tena," Nanise alisema, wala hakuondoka. "Na wewe unasemaje, fundi? Laptop za wenzako huwa unazisoma kama Biblia."

"Mimi nimepewa nitengeneze."

"Sitaleki, Kelepi anampiga dada yako."

"Usiniambie hayo!" alifoka. "Ya dada yangu na mumewe siwezi kuyasikia. Unajua kabisa siwezi."

"Siwezi na sitaki ni watoto wa mama mmoja, baba. Haya, kaa nayo."

Maneno hayo yalimchoma. Ijumaa akapiga moyo konde, akaenda kunywa kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, na wanaume wenzake, akaketi mkabala na shemeji yake. Huyo Kelepi aliendesha boti ya watalii wanaokuja kutazama nyangumi, na alikuwa na sauti ya kuimba ambayo hata wagonjwa wangeinuka kuisikiliza. Mtu wa watu. Anayekutana naye nje ya nyumba yake angesema Telesia kabahatika.

"Shemeji," Sitaleki alianza, "ile laptop ya kwako mbona inaanguka sana?"

Kelepi akamaliza kifuu chake cha kava, akajipangusa mdomo, akatabasamu.

"Meza yetu ina mguu mfupi, shemeji. Na mwalimu wangu huyo, ukimwambia asiweke vitu pembeni, anaziba masikio. Nimuweke kona, anyooshe mikono juu, kama anavyowafanyia watoto wa watu?"

Wanaume wakaangua kicheko. Sitaleki naye akacheka. Alicheka, meno yote nje, na aibu ya kicheko kile inamla mpaka leo. Kisha Kelepi akaanzisha wimbo, na Sitaleki akamwitikia kwa sauti ya pili kama kawaida yao.

Laptop iliporudi mara ya tatu, hakuuliza kitu. Alifanya kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya. Badala ya kulehemu tundu jipya kwenye bodi, alitoa nje mkia mfupi wa waya mnene, akafunga tundu kwenye ncha yake, likiwa limelegea kidogo. Mtu akiuvuta waya wa chaja, unachomoka wenyewe bila kuvunja kitu. Chini ya laptop akapigilia bamba la alumini. Alijaribu kuuvuta mwenyewe mara nyingi, kwa hasira, na kila ulipochomoka salama alijiona kama aliyemkinga dada yake kwa mkono wake.

"Sasa avute mpaka achoke," alisema.

Nanise akaligonga lile bamba kwa kidole. "Laptop umeivika ngao. Na mwenyewe je?"

Sitaleki akaitia laptop mfukoni mwake, akamkabidhi.

Laptop haikurudi tena. Msimu wa nyangumi ukaanza, bandari ikajaa mashua za wageni, na Sitaleki akauchukua ukimya ule kuwa ni amani. Jumapili alimwona Telesia kwa mbali kanisani, kofia ameivuta mpaka kwenye nyusi, gauni la mikono mirefu juani. Walisalimiana kwa kuinua nyusi, basi. Akamshukuru Mungu kwa dhati, huyo mtu aliyeweza kutambua tui la nazi ndani ya tundu la sindano. Miwani ya mbao aliivaa mwenyewe, wala hakuna aliyemlazimisha.

Siku Nanise alipokuja kibandani anakimbia, hakubeba kitu mkononi. Telesia alikuwa hospitali. Mkono umevunjika, na jicho la kushoto halitaona tena. Kelepi alikuwa ameshikiliwa polisi, na jamaa zake walikwisha kutandika mikeka mbele ya nyumba ya Sitaleki, wameketi juani vichwa chini, na nguruwe wa kuombea radhi amefungwa miguu pembeni, wakingoja kusamehewa.

Sitaleki aliwapita bila kuwatazama. Hospitalini alisimama nje ya mlango wa chumba. Telesia alipozitambua hatua zake, akajifunika shuka usoni. Nanise akaenda kuketi kitandani.

"Nanise," Sitaleki alisema kutoka nje, "muulize kwa nini hakusema. Hata kwako wewe. Angesema neno moja tu."

Telesia akautafuta mkono wa Nanise kwa mkono wake mzima.

"Wifi," sauti ikatoka chini ya shuka, "mwambie kaka yangu kwamba ukitoka kwenye geti la shule yangu kuna fundi. Kijana mzuri, anatengeneza hizo laptop watu wakisubiri. Nilimpita kila nilipokuwa nakuletea wewe." Alipumzika kidogo, kusema kulimuuma. "Mwambie sikuileta itengenezwe. Niliileta aisome."

Nanise akageukia mlangoni ili amfikishie mumewe. Sitaleki alikuwa amesimama pale pale nje ya kizingiti, machozi yanamtiririka, akingoja kuambiwa alichokwisha kukisikia.