Kompyuta ya Mkono Mmoja

Kompyuta ya kwanza kuingia mtaa wetu wa Kiwanjani, Isiolo, ilikuja juu ya lori la mizigo, imefungwa ndani ya blanketi, katikati ya magunia ya sukari. Ilikuwa miaka ya themanini ikielekea kuisha. Jirani walidhani ni taipureta. Sikuwasahihisha. Siku hizo sikuwa na nguvu ya kumsahihisha mtu.

Lakini niseme kwanza habari ya ndugu yangu. Alikuwa taniboi, yaani utingo, kwenye lori la baba, na lori hilo ndilo lililotulisha. Babu zetu walikuwa askari wa Mwingereza. Vita vilipokwisha wakaingia biashara ya kubeba ng'ombe, na sisi tukazaliwa humo. Jioni moja wakitoka kaskazini, ndugu yangu alimwambia baba walale Archers Post, barabara ni mbaya na wote wamechoka. Baba akasema ng'ombe hawangoji. Karibu na Ngaremara lori likalala ubavu. Baba alitoka bila hata mkwaruzo. Ndugu yangu alikatwa mkono wa kulia hospitalini.

Mkono wa kulia, jamani. Kwetu mkono wa kushoto ulikuwa wa chooni. Ukimpa baba chumvi kwa mkono huo, alikupiga kofi vidoleni na chumvi ikamwagika. Sasa kijana wake alibaki na huo tu. Akakataa kula mbele ya watu. Nilimwekea sahani kitandani, nikatoka, naye akala akiangalia ukuta. Ndugu yangu hakusema na baba neno lolote. Akisikia viatu vya baba uani, alifumba macho. Baba naye akaacha kuingia chumba kile. Salamu zilipita kwangu. "Mwambie hujambo." "Amesikia, Baba." Nyumba moja, wallahi, na mimi ndiye posta!

Sikulia. Wanawake wa mtaa walinisifu kwamba nina moyo mgumu. Moyo gani? Nilikuwa kama mguu uliokaliwa: unaukanyagia chini na huusikii. Nilipika, nikafua, nikaitikia salaam aleikum za wageni, nikawatilia chai. Wakiondoka sikukumbuka nani alikuja.

Zamani, kila walipopeleka ng'ombe Nairobi, ndugu yangu alitoroka kwenda kwenye mashine za michezo, zile za kutia shilingi, na baba akamfuata akamvuta kwa kola. "Mchezo wa shetani huo!" Basi siku moja baba huyo huyo akaniita uani. Aliongea akiangalia ndoo.

"Wewe umesoma. Nasikia kuna kompyuta za mchezo za kuweka nyumbani. Twende tuchague moja."

Nilivaa buibui, tukapanda lori la rafiki yake hadi Nairobi.

Duka lilikuwa la Muhindi mmoja, mpole, mwenye maneno mengi. Alituwekea kompyuta mbili mezani, kila moja na televisheni yake. Ya kwanza ilikuwa na rangi, we! Kijani, zambarau, nyota zinapasuka, muziki juu. Ya pili picha zake zilikuwa za kijivu na kahawia, watu wake wa mistari mitupu.

"Mzee, hii iko na macho mazuri," alisema akigusa ya kwanza. "Hiyo ingine macho yake hapana mzuri sana, lakini bongo yake iko mbio, na inakumbuka mingi. Kwa mchezo, watu ote nanunua macho."

Mimi nilitaka ya rangi. Kizuri chajiuza. Nilisahau kabisa kwamba televisheni yetu ni nyeusi na nyeupe, na zaidi huonyesha chenga.

Lakini baba hakuwa mtu wa kununua mbuzi kwenye gunia. Hata sokoni hanunui ng'ombe aliyelala. Lazima asimamishwe, atembee, anywe maji. "Ziwashe zote," alisema. "Nataka kuziona zikifanya kazi." Akaketi kwenye stuli. Kila mara aliweka kiganja juu ya kila moja, vile anavyopima joto la rejeta ya lori. Ile ya rangi ilianza kupata moto. "Kwa joto la Isiolo hii itakufa," akanong'ona, lakini bado aliitazama kwa tamaa. Alijua kijana wake anapenda rangi.

Kisha akaomba kucheza. Ile ya rangi ilichezwa kwa kijiti: mkono mmoja unashika kitako, mwingine unasukuma. Baba akaingiza mkono wa kulia ndani ya koti, akaufungia kifungo juu. Akachukua kijiti kwa mkono wa kushoto. Kikateleza mezani. Akakibana kwa kifua, kikateleza tena. Wateja wakaanza kumwangalia.

"Mzee, shika na mikono mbili," alisema Muhindi.

"Niko na mmoja," baba akasema.

Muhindi akaangalia lile koti. Akaniangalia mimi. Niliangalia sakafu. Nilijua ni jambo kubwa ninaloliona, nikangoja liniume, halikuniuma.

Basi yule mtu akazima ile ya rangi bila kuambiwa. Akatia kaseti kwenye ile ya kijivu, ikalia kwa muda mrefu, mpaka mchezo ukatokea: kijitu cha kuruka mashimo. Huu ulikuwa wa kubonyeza herufi, na kabla ya kuanza ulikuuliza wewe mwenyewe unataka herufi gani ya kwenda mbele, ipi ya kurudi, ipi ya kuruka. Baba akachagua tatu zilizokaribiana chini ya vidole vyake vya kushoto. Kijitu kikaanguka shimoni. Kikaanguka tena. Kikaruka shimo moja, na baba, mtu mzima na ndevu zake, akasema "Alhamdulillahi!" duka zima likasikia.

Njia nzima ya kurudi alinikaririsha zile herufi.

Niliipanga ile kompyuta pamoja na televisheni yetu juu ya sanduku la bati, karibu na kitanda. Ndugu yangu aliangalia ukuta. Kaseti ikalia, ikamaliza. Mchezo ulipouliza, nikabonyeza zile herufi. Akageuka.

"Abaayo," aliniita, dada, neno ambalo sikuwa nimelisikia tangu ajali. "Nani amekufundisha hizo?"

"Baba."

"Amejuaje?"

"Alicheza dukani kwa kushoto. Ule mwingine aliufungia ndani ya koti. Watu wakimwangalia."

Akaweka vidole juu ya herufi. Kijitu kikaanguka, kikaruka, kikaanguka. Akacheza hivyo mpaka nikadhani amenisahau.

"Mwambie aje."

Baba alisimama mlangoni kwanza. Akatoa salamu, ikajibiwa. Akaingia akaketi ukingoni mwa kitanda, koti lile lile, mkono wa kulia umefungiwa ndani, akanyoosha wa kushoto ili acheze.

"Toa mkono, Baba," ndugu yangu akasema. "Wewe uko nao."

Hapo ndipo niliposikia uchungu, wote kwa pamoja, nikashika mlango. Baba alihangaika na kifungo. Akautoa mkono, akauweka juu ya goti, asijue aufanyie nini.